Mtu wa Gati

Derrick Wepukhulu aliingia nyumbani kwa mama mkwe wake ubavuubavu, kama mtu anayepenya ua wa miiba, na Nzilani akajua hapo hapo kwamba siku itakuwa ndefu.

Hakuwa amelewa. Kwao Bungoma mwanamume hamkabili mama mkwe. Hamshiki mkono, hamtazami usoni, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja hujipenyeza vichakani ampishe mwenzake. Ni mila nzuri, yenye heshima zake, ila walioitunga walikuwa watu wenye maboma mapana, nyumba huku na jiko kule. Hawakuwahi kukiona chumba cha mabati cha Kibera, pale chini ya barabara ya Olympic, chenye kitanda, kochi na jiko la gesi, ambamo ukinyoosha mguu umeshamkanyaga mtu. Derrick alitafuta mahali pa kuitii mila akapakosa. Mwishowe akapindua ndoo, akaikalia pale mlangoni, uso nje kwenye mvua ya Julai, mgongo ndani kwa wenyewe.

Mama Kavindu naye, mzaliwa wa Masii, alikuwa na zake. Kwa Wakamba vilevile mkwe huonewa haya. Alijitanda leso mpya mpaka kwenye nyusi, akaugeukia ukuta, akashika kisu na kuanza kumenya viazi ambavyo Nzilani alikuwa amekwisha kuvimenya.

"Mwambie karibu," akauambia ukuta.

"Derrick, Mama anasema karibu," Nzilani akasema.

"Mwambie asante sana," Derrick akaiambia mvua.

"Mama, anasema asante."

Mitchelle, binti wa Nzilani, aliyekuwa kitandani chini ya blanketi na kofia yake ya sufu, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. "Susu," akamwambia bibi yake, "si yuko tu hapa? Kwani humsikii?"

Siku nyingine Nzilani angecheka mpaka ashike mbavu. Leo hakuwa na nafasi ya kucheka. Alikuwa na neno moja tu la kulitaka kutoka kwa mamake, nalo lilikuwa "nendeni", na alilitaka kabla mvua haijaanuka.

Mambo yalikuwa hivi. Nzilani alisimamia choo na bafu za kikundi cha akina mama hapo mtaani, mahali ambapo watu wa Kibera huoga maji moto kabla ya kwenda kazini. Derrick alikuwa fundi wa bomba, mpangaji wa kule Kabiro, Kawangware. Aliitwa siku moja kuzibua mfereji, akaingia na viatu vya matope, Nzilani akamwamuru avivue nje. Akavivua. Tangu siku hiyo alimwita Madam, na kila bomba la bafu zile likawa linaharibika kila wiki kwa namna isiyoeleweka. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Akina mama wa kikundi walilipa mafundi wengine wawili ndipo wakang'amua kwamba bomba zilikuwa nzima.

Sasa kilikuwa kimetokea kitu ambacho wapendanao maskini hukiota tu. Huko Ziwa Victoria, kwenye kisiwa kidogo kiitwacho Sirongo, kulijengwa bandari ndogo ya abiria na samaki, na kampuni iliyopewa kuiendesha ilitafuta mume na mke wa kukaa hapo. Walitaka watu waliooana, kwa sababu kijana waliyemweka mwanzo alikuwa akivuka kwenda kumtafuta mchumba kila Ijumaa na kurudi Jumanne. Mume awe mtu wa maji na mitambo. Mke ajue kusimamia bafu, vyoo na watu. Derrick alipoipata habari hiyo alitembea kwa miguu kutoka Kawangware hadi Kibera, maana furaha haikumpa subira ya kungoja gari.

Jumatatu walitakiwa wawe huko wote. Lakini mbuzi wa ntheo, wale ambao Mkamba akishawapokea ndipo husema binti yake ana mwenyewe, walikuwa wamepangiwa Desemba. Binti akiondoka kabla ya mbuzi, hajaolewa; ameenda tu. Ni Mama Kavindu pekee aliyeweza kusema nendeni, mbuzi watawafuata.

Kulikuwa na jambo la pili, na hilo Nzilani alilimaliza mapema. Mitchelle alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Mtoto akishikwa na baridi, au malaria, au uchovu tu, mifupa humuuma mpaka akaacha kulia kwa kukosa nguvu ya kulia, na hapo ni kukimbia hospitali. Babake, kijana wa Siaya, aliambiwa kwamba ugonjwa ule haukutoka kwa mama peke yake, akasema anaenda kununua maziwa. Hakurudi. Kwa hiyo jambo la kwanza Nzilani alilomuuliza Derrick kuhusu kisiwa lilikuwa hilo. "Dispensari iko?" Na Derrick akajibu bila kusita, "Iko, Madam. Ukitoka kwa nyumba yetu unaiona." Nzilani akalala usingizi mtamu usiku huo, akaota dirisha linalotazama maji.

"Mwambie anieleze hii kazi ni kazi gani," Mama Kavindu akasema sasa.

Derrick akasafisha koo. Hotuba hii alikuwa ameifanyia mazoezi kwake Kabiro tangu asubuhi, tena kwa Kiswahili cha heshima, bila Sheng hata kidogo. Lakini mtu hapazi sauti mbele ya mkwe, basi akainamisha kichwa, akaongea kwa magoti yake, na mvua juu ya mabati ikala nusu ya maneno.

"Mimi nitakuwa msimamizi wa gati, Mama. Tutapewa nyumba hapo hapo kwenye gati."

Kisu cha Mama Kavindu kikasimama katikati ya kiazi.

"Amesema wa nini?"

"Wa gati," Nzilani akasema haraka, akijaza chai.

"Na usiku pia ni yeye?"

"Usiku pia, Mama," Derrick akajibu, akiwa na furaha kwamba ameulizwa. "Usiku ndio kuna kazi. Gati haliachwi peke yake."

"Na watu wakija?"

"Wakija unawapokea. Wengine wanafika wamenyeshewa, wamechoka, wanabisha. Unawafungulia."

Mama Kavindu akakiweka kisu chini polepole. Akajifuta mikono kwenye leso ile mpya, jambo ambalo hakuwa mtu wa kulifanya.

"Nzilani. Mpe mgeni chai anywe, halafu aende salama."

Nzilani alishindwa kuelewa. Birika lilikuwa bado mkononi. "Mama, ni nini? Ni kwa sababu ni mbali?"

"Si mbali. Mbali watu wanaenda na wanarudi."

"Ni ziwa unaogopa?"

"Sijasema ziwa. Ziwa limetoka wapi?" Sauti ya mamake ilikuwa imekauka. "Nilizika mtu mmoja wa geti. Alibishiwa, akaambiwa watu wamenyeshewa, akafungua. Siwezi kupea mwingine wa geti mtoto wangu. Hapana."

Hapo Nzilani akaelewa. Babake, mzee Kilonzo, alikuwa bawabu kwenye nyumba za matajiri huko Lavington. Watu walikuja jioni ya mvua, wakajifanya wageni wa ndani. Alikutwa kesho yake pale getini, ufunguo bado kidoleni. Nzilani alikuwa darasa la sita. Mama Kavindu hakuolewa tena, na hata leo akipita mahali akamwona mlinzi getini husimama akamwamkia, hata awe nani.

"Mama," akasema, akiwa hajui kama anacheka au analia, "si geti. Ni gati."

"Si ndio hiyo nasema."

"Ga-ti. Kule boti zinafungwa. Ile kitu imeingia kwa maji, watu wanashukia hapo."

"Inaitwa hivyo?"

"Inaitwa hivyo." Akaugeukia mgongo wa Derrick. "Na wewe, si ungesema tu jeti kama watu wengine?"

"Nilitaka kuongea Kiswahili ya heshima," mgongo ukajibu, umejikunja kwa aibu.

Kisha mabega ya Mama Kavindu yakaanza kutikisika kule ukutani. Nzilani alidhani analia, na ni kweli alikuwa akilia, lakini ndani yake kulikuwa na kicheko, cha kwanza cha namna ile kutoka kwa mamake tangu sijui lini. Mitchelle akacheka kwa sababu susu yake amecheka. Derrick, ambaye hakuwa na ruhusa ya kugeuka aone kuna nini, akajichekea na mvua yake. Kwa muda mfupi chumba kile kilikuwa chumba cha watu wa nyumba moja, na Nzilani akasema moyoni, Mungu, tafadhali, acha tu ibaki hivi.

"Mwambie aanze mwanzo," Mama Kavindu akasema, akijipangusa macho. "Na apaze sauti. Heshima gani hii ya kuniua na presha?"

Basi Derrick akaanza mwanzo. Simu yake ilipita nyuma ya mgongo mpaka kwa Nzilani, kutoka kwa Nzilani mpaka kwa mamake, na kila picha ilipofunguliwa aliieleza bila kuiona, maana alikuwa amezihifadhi zote kichwani. Nzilani hakupata kumsikia akiongea vile. Huyu ndiye mtu aliyeshinda kando ya barabara Kawangware na spana zake ameziweka juu ya gunia, akingoja mwenye nyumba yeyote aliyepasukiwa na bomba, na siku nyingine akirudi na spana zile zile bila kuzichafua. Sasa sauti yake ilikuwa na mfupa.

"Hiyo ndefu ya simiti ndiyo gati, Mama. Taa zake ni za sola, boti inaziona ikiwa mbali. Hiyo yenye paa la buluu ni mahali pa kungojea. Iko na benchi, vyoo, bafu za wanaume na bafu za wanawake. Hapo bosi ni Nzilani."

"Maji wanatoa wapi?"

"Yanavutwa ziwani, yanachujwa, yanapanda kwa tangi. Hiyo mashine ni mimi. Bomba zote ni mimi. Halafu kuna mashine ya barafu, ya wale wanaleta samaki. Kuna pampu ya petroli ya boti. Kuna stoo ya kuweka mizigo isinyeshewe, na nyingine ya jaketi za kuokolea. Hakuna mtu anapanda boti bila jaketi, hata awe nani."

"Na hii kamba yenye kitambaa chekundu?"

"Ni bendera, Mama. Ziwa likichafuka inapandishwa juu. Ikiwa juu hakuna boti inatoka wala kuingia mpaka ishuke."

"Hiyo ni vizuri," Mama Kavindu akasema, akitikisa kichwa kwa ukuta. "Hiyo ni watu wenye akili."

Ikapita picha, ikapita nyingine. Nzilani aliuona uso wa mamake ukifunguka kidogo kidogo. Aliona kabisa neno lile "nendeni" likija. Lilikuwa limefika kooni.

"Na hii yenye mlango wa kijani?"

"Dispensari," Nzilani akajibu yeye mwenyewe, kwa majivuno. "Si nilikwambia iko?"

"Aiya, nzuri hivi." Mama Kavindu akaisogeza simu karibu na macho. "Muulize daktari wa hapo anaitwa nani."

Halikuwa swali la mtego. Mama Kavindu hakuwa na mitego. Ila kwa mwanamke aliyekesha na mjukuu mapajani kwa miaka yote hiyo, hospitali ilikuwa jina la mtu. Hapa ilikuwa Sista Filister, muuguzi wa zahanati ya jirani, ambaye ndiye pekee aliyejua kuupata mshipa wa Mitchelle kwa sindano moja. Mama Kavindu alimtaja Sista Filister katika maombi kabla ya ndugu zake. Alitaka ajue atamtaja nani wa huko, basi.

"Derrick, Mama anauliza daktari anaitwa nani."

Mvua ikanyesha.

"Derrick."

"Nimesikia."

"Si umwambie."

Angeweza kusema jina lolote. Angesema Ouma, angesema Ochieng', nani angevuka ziwa kwenda kuhakikisha? Na kama angekuwa amekaa na Nzilani peke yao pale nyuma ya bafu, mkono begani, angelisema, na Nzilani angeliamini. Lakini nyuma yake alikuwa mama mkwe. Mila iliyomkataza kumtazama mama huyu ilikuwa imemkataza pia kumdanganya, na Derrick alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri.

"Hajaletwa bado, Mama," akasema, kwa sauti safi iliyosikika.

"Na sista?"

"Hakuna."

"Dawa basi? Kuna mtu wa kupeana dawa?"

"Imefungwa, Mama. Tangu ijengwe haijafunguliwa."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakusema huwa inaishia jikoni kwako, chai ikiwa bado inatoa moshi. Nzilani alisimama na birika lile, akahisi joto lake likimchoma kiganja, na hakuliachilia.

"Uliniambia iko," akasema.

"Iko. Nyumba iko."

Mitchelle akakohoa chini ya blanketi, kikohozi kidogo cha kawaida, na watu wazima watatu wakageuza vichwa kwa pamoja, hata Derrick. Ndipo kwa mara ya kwanza Mama Kavindu na mkwe wake wakatazamana ana kwa ana. Mama huyo hakuwa na hasira machoni. Alimtazama kwa huruma tu, halafu akageukia tena ukuta wake.

"Nzilani," akasema taratibu, "msindikize mgeni. Mvua imepungua."

Haikuwa imepungua. Walitembea wakipanda kuelekea barabara ya Olympic, Derrick mbele, Nzilani nyuma, leso kichwani, wakipita kwenye mawe yaliyopangwa juu ya matope. Walipofika kwenye kibanda cha mboga kilichofungwa, wakasimama chini ya kipande cha bati. Ilikuwa saa kumi tu jioni lakini mbingu zilikuwa zimeshajifunika.

"Madam, skiza. Si ati nilitaka kukudanganya."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka tufike kwanza. Ukiona vile pako, ukiona hiyo nyumba, maji yako hapa, upepo... nilijua utapapenda. Daktari wataleta. Wamesema wataleta."

"Lini?"

Derrick akayatazama maji yakichuruzika kwenye bati.

"Mtoto akishikwa usiku, utafanya nini?"

"Kuna boti. Ng'ambo kuna hospitali kubwa. Ziwa likiwa limetulia ni kama saa moja hivi, umefika."

"Na ziwa likichafuka?"

"Si mara mingi."

"Nimekuuliza, likichafuka. Bendera iko juu. Mitchelle analia mifupa. Nani atatoa boti?"

"Hakuna."

"Na hiyo bendera ni nani anapandisha?"

Nzilani aliona jinsi swali lilivyompata, pole pole, kama mtu anayegundua amekalia kitu chenye maji. Katika kuota kwake kote hakuwa amefika hapo.

"Ni mimi," akasema.

Nzilani akauma kitambaa cha leso asilie mbele ya watu waliokuwa wakipita. Alimpenda mwanamume huyu. Alipenda masikio yake makubwa, na jinsi alivyovua viatu mlangoni mpaka leo bila kuambiwa. Alipenda kwamba Mitchelle alipolazwa mara ya mwisho alikuja na ndizi, akakaa sakafuni wodini mpaka walinzi wakamtoa. Ndiyo sababu uongo ule ulimwuma. Uongo wa mtu usiyempenda unaufuta kama vumbi.

"Lakini kuna njia," Derrick akasema, akimshika kiwiko. Akaongea haraka, kwa kunong'ona. "Nimefikiria. Mitchelle angebaki na susu yake kwanza. Sista Filister yuko hapa, kila kitu iko hapa. Sisi tunatangulia, tunajipanga, daktari akija tunamchukua. Mwaka moja hivi. Ama kidogo tu."

"Rudia."

"Madam..."

"Rudia hiyo kitu umesema."

Derrick aliuachia mkono wake, akajipangusa uso kwa kiganja, na Nzilani akaona kwamba naye analia, bila sauti, kama mtoto anayejua ameharibu.

Mtu wa tatu angepita hapo angedhani ni wapenzi wanaojificha mvua. Na kweli walisimama karibu, maana bati lenyewe lilikuwa dogo, mabega yamegusana, harufu ya sabuni yake ya kipande ikimjia Nzilani kama ilivyomjia siku zote. Angeweza kuweka kichwa pale shingoni mwake. Alitaka. Mwili ulimvuta mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Basi nisiende," Derrick akasema mwishowe. "Nitawapigia niwaambie nimekataa. Wachukue wengine. Sema tu, Madam. Ukisema nisiende, siendi."

Hilo ndilo neno lililomwuma kuliko yote, ile "sema tu". Kwa nini asemewe? Kwa nini aombe ruhusa ya kubaki, kana kwamba kubaki ni deni analodaiwa na Nzilani na mtoto? Nzilani akalitazama jibu lililokuwa mdomoni mwake. Lilikuwa "usiende". Lilikuwa tayari kabisa, na tamu. Akisema, Derrick atabaki. Atarudi kwenye gunia lake la spana pale Kawangware. Atamwoa, atampenda, atamfungia Mitchelle kofia masikioni asubuhi za baridi. Na kila mtoto atakapolia, hatasema kitu, mtu mwema yule, atanyamaza tu na kutazama mbali, na Nzilani atajua anatazama maji. Tena kuna kitu kingine alichokitaka, na alikionea aibu kukitaka. Alitaka Derrick akatae mwenyewe. Alitaka amwambie nenda, halafu aambiwe siendi.

Basi akamjaribu. Mungu amsamehe, alimjaribu mtu aliyekuwa amelowa, mwenye machozi, chini ya bati la mama mboga.

"Nenda," akasema.

Alingoja abishe. Alikuwa hata amekwisha kuandaa uso wa kubishiwa.

Derrick alivuta pumzi ndefu, akaishikilia, halafu akaitoa yote, na mabega yake yakashuka. Yalishuka kidogo sana, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani na jirani. Nzilani, ambaye kila asubuhi huwaona wanawake wakituliwa mitungi mlangoni pa bafu, hakuhitaji kuelezwa alichokiona. Na Derrick mwenyewe hakujua kwamba amekionyesha. Uso wake ulikuwa bado umejaa huzuni, na huzuni hiyo ilikuwa ya kweli.

"Asante," akamwambia. "Asante sana, Madam."

Angemtukana, Nzilani angesahau kufikia Jumapili. Angeondoka bila neno, angemfuata mpaka Kawangware na mvua hiyo hiyo. Lakini alimshukuru, tena kwa moyo mweupe, jinsi unavyomshukuru mtu aliyekufungulia mlango.

"Haya," Nzilani akasema. "Safari njema."

Akajifunga leso vizuri na kuteremka, akikanyaga mawe yale moja baada ya jingine, bila kugeuka. Nyumbani mamake alikuwa ameacha kuutazama ukuta. Alikuwa amekaa kitandani, miguu ya Mitchelle mapajani mwake, akiikanda kwa mafuta ya moto.

"Umerudi," Mama Kavindu akasema.

"Nimerudi."

"Mimi sikumkataa. Niliuliza tu jina."

"Najua, Mama."

Nzilani akavua viatu, akamimina maji kwenye kikombe, akamhesabia mtoto vidonge vyake vya jioni.